Taja Namba ya Mama

Katika familia yetu, mtoto akishajua kutaja jina lake, kinachofuata ni namba ya simu ya Mama. Si kwamba tunaogopa atapotea. Ni kwa ajili ya supamaketi. Ukifika kwa keshia, kabla hujatoa hata senti, unataja namba ya Mama, mashine inalia kidogo, na pointi zinaingia kwenye kadi yake. Umenunua sabuni, taja namba ya Mama. Umejaza mafuta kwenye kituo chenye nembo ileile, taja namba ya Mama. Kaka yangu, ambaye anauza matairi, alipooa, mkewe aliishika namba ile kichwani kabla hajajua kama mumewe anapenda chai ya rangi au ya maziwa.

Mimi ni msusi. Nina saluni ndogo, na wateja wangu nao niliwatia kwenye mkumbo huohuo. "Dada, kadi huna? Basi pointi zako zinapotea bure. Taja namba ya mama yangu." Wako wanawake mjini humu ambao hawajawahi kumtia Mama machoni, lakini namba yake wanaweza kuitaja usingizini.

Nilifanya hivyo kwa sababu nilitumwa, si kwa sababu niliamini. Mwenye duka hawezi kukupa kitu cha bure kisha akalala usingizi. Mama akasema haba na haba hujaza kibaba. Nami, kwa huu mdomo wangu usio na breki, nikamjibu kwamba kibaba chenyewe kimetoboka, maana kadi ikikaa muda bila kutajwa dukani, pointi zote zinakufa.

"Basi mimi ndiye nitakayeziba tundu," akasema, akarudi kwenye mkasi wake.

Mkasi ndio kazi yake. Mama ni mkataji katika karakana ya sare za shule. Wenzake wanashona, yeye anakata. Mshonaji akikosea atafumua. Mkataji akikosea, kitambaa kimeshakwenda. Anatandika nguo mezani, anapanga juu yake zile karatasi za vipimo, mgongo hapa, mkono pale, kisha anaanza kuzigeuzageuza. Kola anaiingiza kwenye kwapa la shati, mfuko anaupenyeza mahali ambapo wewe ungeona pamejaa. Akimaliza, vinavyobaki chini ya meza haviwezi kumshonea mwanasesere kofia. Mwenye karakana husema akiumwa mafua Mama, nguo inapanda bei.

Baba naye aliendesha basi la uwanja wa ndege. Si lile la kuwaleta watu kutoka mjini. Ni lile la ndani, pana, lenye viti vichache na vyuma vingi vya kushikilia, linalowachukua abiria mlangoni na kuwapeleka kwenye ngazi za ndege. Safari yenyewe ukifumba macho imekwisha. Baba aliifanya maisha yake yote ya kazi. Nadhani alifika chini ya ngazi za ndege mara nyingi kuliko rubani yeyote, na hakuwahi kukanyaga hata kidaraja cha kwanza. Sheria ilimkataza dereva kuvuka mstari wa njano uliochorwa pale chini, na Baba na sheria walikuwa ndugu wa tumbo moja.

Alikuwa na utaratibu wake. Abiria wakishashuka, alisubiri mpaka wa mwisho aingie ndani ya ndege, hata kama ni bibi kizee anayepumzika kila hatua. Kisha alipita katikati ya viti akiinama kushoto na kulia, akitafuta kilichosahauliwa. Miwani, kofia, pasipoti za watu, mara moja meno ya bandia yaliyofungwa kwenye leso. Asipoona kitu alitamka kwa sauti, hata kama yuko peke yake, "Hakuna kilichosahauliwa," ndipo akaondoka. Alipokuwa akifundisha madereva wapya ilikuwa vilevile: mwanafunzi kwenye usukani, Baba nyuma anakagua, halafu, "Hakuna kilichosahauliwa, twende." Mwanafunzi wake wa mwisho alikuwa mama mmoja wa makamo ambaye Baba alimwambia "taratibu" mara nyingi hivi kwamba jina likamganda. Hadi leo uwanja mzima unamwita Taratibu.

Sasa, watu wanasafiri lini? Wakati wengine wanapopumzika. Sikukuu zetu zote Baba alikuwa kazini. Nyumbani tulimjua kwa viatu: vikiwa mlangoni, Baba amelala, tembeeni kwa ncha za vidole, visipokuwepo, pigeni kelele mtakavyo. Mama akitoka asubuhi kwenda karakana, alipishana naye getini akirudi kutoka zamu ya usiku. Zamu ikigeuka, walipishana upande mwingine. Walioana, wakatuzaa, wakatusomesha, na mara nyingi waliachiana ujumbe kwenye mlango wa friji kama wapangaji wawili.

Hiyo friji nayo ina hadithi. Kila mwaka supamaketi ilitoa kitabu cha zawadi, na kila mwaka sisi watoto tulimzingira Mama. Friji yetu ilipokufa, kaka yangu alimwonyesha kwenye kitabu friji ya milango miwili inayotengeneza barafu yenyewe, na pointi zilikuwa zinatosha na kubaki. Mama akampigia simu fundi wa friji. Fundi alichelewa, tukahifadhi mboga kwenye ndoo ya maji kama watu wa zamani, kadi haikuguswa. Mimi niliomba mashine ya kukaushia nywele, ile ya kusimama. Nilinuna wiki nzima. Mama alinipikia nilichopenda, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Pointi hizi zina mwenyewe, mwanangu."

Tulidhani mwenyewe ni yeye.

Baba alipostaafu walimpa saa ya ukutani, mtu aliyeamshwa na saa maisha yake yote. Jumamosi iliyofuata Mama aliniita karakana mchana, wenzake wakiwa wameshaondoka. Juu ya meza ya kukatia alikuwa ametandika kipande kirefu cha nguo nyeupe. Pembeni palikuwa na rundo la karatasi alizozikata kwa mkasi, na picha ya kisiwa aliyoitoa kwenye jarida la zamani: mchanga mweupe, minazi, kibanda cha hoteli chenye kibaraza, na maji ya buluu za aina mbili, nyepesi karibu na nchi kavu na nzito kule mbali.

"Nguo hii ndiyo pointi zetu zote," aliniambia. "Nimeipima. Ikiisha, imeisha. Wewe una simu nzuri, kazi yako kunisomea. Kazi ya kukata niachie mimi."

Kumbe pointi za supamaketi unaweza kuzihamishia kwenye kadi ya shirika la ndege. Mama alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Nikafungua simu, nikamsomea: ndege ya moja kwa moja mpaka kisiwani, watu wawili, inakula pointi kadhaa wa kadhaa. Akachukua karatasi ya urefu huo, akaiweka juu ya nguo. Ilipita ukingo, ikaning'inia mezani. Na hapo hatujaweka kurudi wala mahali pa kulala.

"Mama," nikasema, "kitambaa hakitoshi."

"Hakitoshi ukikata kivivu. Nisomee nyingine."

Nikamsomea nyingine. Ukipitia mji mwingine na kungoja hapo nusu siku, zinapungua karibu nusu. Ukienda katikati ya wiki, zinapungua tena. Ukienda wageni wakiwa wameshaondoka na mvua za jioni zimeanza, hoteli nayo inashusha. Kila nilichosoma alikikata, akakiweka, akakigeuza, akakitoa. Ulimi wake ulikuwa umechungulia pembeni mwa mdomo, kama siku zote anapokata nguo ya bei mbaya. Nilipomsomea kwamba hoteli ile ukilala siku nne kwa pointi, ya tano hawakutozi, alisimama wima.

"Kumbe na wao wana pindo la kukunjua," akasema, na macho yake yalikuwa ya msichana.

Tatizo likawa viti. Shirika la ndege linatenga viti vichache tu vya pointi, kama chumvi ya kuonja. Tarehe tuliyoitaka ilikuwa na kiti kimoja. Tarehe ya pili vilikuwa viwili kwenda, hakuna kurudi. Mimi nilikuwa nimeshachoka, nimeanza kusema labda mwakani. Mama akageuza karatasi zote kichwa chini: tuanze na kurudi, kisha tutafute kwenda kunakoendana nako. Hivyo ndivyo anavyofanya nguo ikiwa na maua, aliniambia. Unaanzia pindo unapanda juu. Na kweli, tukapata. Karatasi zote zikalala juu ya nguo, zimebanana, hakuna hata moja iliyoning'inia. Kilibaki kipande kidogo pembeni, cha kutosha kuchagua kiti kimoja cha dirishani.

"Hicho cha baba yako," akasema.

Nimewaona watu wenye magari makubwa wakipanga safari, wanabonyeza simu mara mbili wamemaliza. Sijawahi kumwona mtu akipanga safari kama mama yangu siku ile. Nilimbusu kwenye paji la uso, akaniambia nisimkunjie karatasi.

Masharti niliyasoma mwenyewe kwa sauti. Tiketi ni za majina, hapewi mwingine. Mmoja asipopanda, kiti chake cha kwenda kimekufa, cha kurudi kimekufa, na pointi hazirudi. Mama akaitikia kwa kichwa, nami nikabonyeza. Mkate na sabuni na mafuta na shampuu za miaka yote vikageuka tiketi mbili.

Basi ndipo Baba akakataa.

Tulikuwa mezani, kaka yangu na mkewe wamekuja, Mama ametoa tiketi zilizochapishwa kama anayetoa keki. Baba alizitazama, akazisogeza pembeni kwa adabu.

"Nenda na binti yako," akasema.

"Binti yangu jina lake halimo."

"Mke wangu, ndege ni za abiria."

"Na wewe ukipanda unakuwa nani? Mzigo?"

Kaka yangu alicheka, akaacha haraka.

"Kazi yangu ilikuwa kupeleka watu," Baba akasema. "Sasa wenzangu wanione na mimi nimebebwa, nimeshika begi, nauliza choo kiko wapi? Nimeshaona wanavyopanda. Hakuna jipya."

Mama hakupandisha sauti. Alifuta mikono yake kwenye kanga aliyojifunga kiunoni, akakaa.

"Sikiliza," akasema. "Tangu unioe sijawahi kupata wiki moja ambayo kila nikiamka uko hapo. Moja tu. Nilikataa friji, nikakataa mashine ya huyu binti yako, akaninunia, kwa sababu nilitaka hiyo wiki. Hapa nyumbani siwezi kuipata. Hapa utaamka alfajiri utafute cha kufanya, utaziba bomba, utakwenda kuwaangalia wenzako kama wanaegesha vizuri. Nimekukusanyia pointi wewe, si kisiwa."

Mimi nilikuwa nimeshika kijiko hewani. Baba aliangalia sahani yake muda mrefu, na nilimwona amechomwa kweli. Lakini mwanamume mwenye kiburi ni kama gari zito, halisimami hapohapo unapokanyaga breki. Akasema atafikiria, akaondoka mezani.

Asubuhi Mama alibadilisha mkato. Alimkuta Baba anang'arisha viatu vya kazi ambavyo havikuwa na kazi tena.

"Haya, kisiwa tukiache," akamwambia. "Lakini lile basi lako sijawahi kulipanda. Watu wa dunia nzima wamelipanda, mkeo sijalipanda. Nipeleke nilione."

"Haiwezekani," Baba akasema. "Bila tiketi hufiki pale."

"Tiketi ninayo. Tena ninazo mbili."

Baba alishika kiatu mkononi, akacheka mpaka akakiweka chini. Hivyo ndivyo alivyokubali. Mimi nilimsifu Mama kwa ujanja huo mbele ya wateja siku mbili nzima, bila kujua kwamba ujanja huohuo ungetutoa jasho.

Siku ya safari tuliwasindikiza wote. Mama alivaa kofia pana ya ukili aliyoishona utepe mwenyewe. Baba alivaa suti, na viatu vile. Walipopita ukaguzi, mimi na kaka yangu tukapanda ghorofani kwenye baraza ya vioo, mahali pa kuwaagia wasafiri, ambapo unaiona lami yote mpaka mwisho. Tukaliona basi, na kwenye usukani tukamtambua Taratibu.

Mama alitusimulia baadaye yaliyokuwa ndani. Baba alikuwa mtu mwingine. Alimwonyesha chuma cha kushika ambacho hakitikisiki, kiti kilichobadilishwa baada ya mtoto kukitapikia, mahali kwenye lami pa kupunguza mwendo ili wazee wasiyumbe. Abiria wengine walikuwa wanamsikiliza. Mzungumzaji kapata jukwaa, nani atamnyamazisha? Basi liliposimama kwenye ndege, milango ikafunguka, na Baba akasimama pembeni ya mlango akiwapisha watu. "Karibuni, taratibu, angalia kidaraja." Mama akatangulia na umati, akijua mumewe yuko nyuma yake. Akapanda ngazi, akaingia, akatafuta viti vyao, akaketi kile cha ndani, kile cha dirishani akamwachia mwenyewe.

Kutoka kwenye vioo sisi tuliona kingine. Tuliona abiria wa mwisho akiingia ndani ya ndege. Tukamwona Baba kupitia madirisha ya basi, anapita katikati ya viti, anainama kushoto, anainama kulia.

"Baba anafanya nini?" kaka yangu akauliza.

Nilijua. "Anakagua."

Tukamwona ananyooka, mdomo unatamka. Milango ikafungwa. Basi likaondoka.

Nilikipiga kioo kwa viganja mpaka mlinzi akaja. Kaka yangu akampigia Baba: simu imezimwa, maana bango la ukumbini liliandikwa zima simu, na Baba ni Baba. Akampigia Mama.

"Mama! Baba yuko kwenye basi!"

"Namwona!" Mama alijibu, na sauti yake ilisikika mpaka kwangu. "Namwona dirishani, anaondoka!"

Kule chini gari la ngazi lilikuwa limeshawasha taa zake za kuzunguka. Nilichowaza, nakiri, si pointi. Niliwaza uso wa Mama. Atarudi nyumbani na kofia ile, atapika, atakwenda karakana Jumatatu, na hatalisema tena neno hili maisha yake yote. Ningemjua kwa kunyamaza kwake.

Ndipo mlangoni mwa ndege ikatokeza kofia pana ya ukili. Mama alitoka, akasimama kwenye kidaraja cha juu kabisa, akashika vyuma vya pande zote mbili. Mhudumu alikuwa nyuma yake anamsihi. Tulikuja kuambiwa alichomjibu: "Funga tu mlango, mwanangu, sina ugomvi na wewe. Lakini mimi nitakuwa nje."

Na Taratibu? Maskini, alimwona Baba kwenye kioo tangu mwanzo. Tatizo ni kwamba jicho lake lilishazoea kumwona pale. Miezi yote ya mafunzo Baba alikuwa kwenye kioo kile, anainama, ananyooka. Aliposikia "Hakuna kilichosahauliwa, twende," mguu wake ulikanyaga mafuta wenyewe. Walikuwa wameshafika nusu ya njia alipokumbuka kwamba mzee huyu alistaafu, na kwamba leo amevaa suti. Akafunga breki.

"Mzee," akasema, "kimesahauliwa kimoja."

"Kipi?" Baba akageuka kutazama viti.

"Wewe."

Baba anasema alitazama nyuma, akaiona ndege, akaona na kofia pale juu, akaketi. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kukaa kwenye kiti cha basi lile.

Taratibu akaomba ruhusa kwa redio, akaligeuza. Na hapo sasa, kwa vile alifundishwa na baba yangu, hakuongeza mwendo hata kidogo. Alikwenda kwa mwendo wa sheria, akapunguza palepale pa kupunguzia wazee wasiyumbe, na ndani hamna mzee ila mmoja aliyefunga mikono kifuani. Sijawahi kulichukia jina la mtu kama nilivyolichukia jina lake wakati ule. Kaka yangu alikuwa anasukuma kioo kwa bega kana kwamba anasukuma basi.

Likafika. Milango ikafunguka. Baba akashuka, akatembea, na alipofika kwenye mstari wa njano akasimama. Kabisa. Miguu ikagoma, ile miguu iliyogoma pale maisha yake yote. Watu wa mizigo waliomjua walikuwa wameacha mizigo wanamtazama. Abiria walikuwa wamejazana madirishani. Sikujua kama ni mazoea au ni woga, na nikimuuliza leo anasema ni kamba ya kiatu.

Mama hakumwita. Alivua kofia, akaishika mkononi, akashuka ngazi zote, kidaraja kimoja kimoja, mpaka chini. Akavuka mstari, akaingia upande wa Baba, akamshika mkono. Sijui walisemezana nini, hilo hawajatuambia. Niliona tu anamgeuza kidogo, kama anavyogeuza karatasi ya kipimo ili ilale vizuri, kisha wakavuka pamoja.

Walipofika katikati ya ngazi Baba aligeuka kutazama nyuma. Basi lilikuwa bado lipo, milango wazi. Taratibu alikuwa ameteremka amesimama mbele ya mstari, mikono nyuma, anamsubiri abiria wake wa mwisho aingie ndani. Baba akanyanyua mkono. Taratibu akanyanyua wake. Mimi hapo nilikuwa nalia waziwazi, kaka yangu ananipa leso huku na yeye anaihitaji.

Siku ya pili, asubuhi imeshakwenda, nilikuwa nasuka mteja, nikampigia Mama. Nilikuwa na hamu. Nikaweka simu kwenye sauti ya juu ili saluni nzima isikie, maana wote pale walikuwa wamechangia, kila mmoja na mkate wake na sabuni yake.

"Mama! Tuambie, maji yakoje? Yana rangi mbili kweli kama kwenye picha?"

"Usipige kelele," Mama akanong'ona. "Tulifika usiku, sijatoka bado. Sijayaona."

"Hujayaona! Mbona hivyo? Mvua?"

"Hapana. Jua linawaka." Nyuma yake nikasikia kitu ninachokijua tangu utotoni, mkoromo wa baba yangu. "Amelala, mwanangu. Viatu viko mlangoni. Acha kwanza nimwangalie."